Miaka 20 ya folda zisizojuana

Asubuhi moja mwaka 1976, Steve Johnson aliingia ofisini kwa Stuart Feldman huku akilaani. Wote wawili walifanya kazi Bell Labs, New Jersey, Marekani, palepale ulipozaliwa mfumo wa Unix. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka hitilafu ndani ya programu ambayo tayari ilikuwa nzima. Kosa alishalirekebisha, alichosahau ni kulikompaili upya, yaani kuligeuza tena kuwa lugha ya mashine, faili alilolirekebisha, hivyo kompyuta ikaendelea kutumia toleo la zamani. Feldman naye jioni iliyotangulia alikuwa ametaabishwa na balaa hilohilo.

Mwishoni mwa wiki ile Feldman akaandika programu ya kuondoa tatizo hilo, akaiita Make. Katika faili liitwalo Makefile unaeleza kila kitu kinatokana na nini: programu hii inatokana na mafaili haya, na faili hili linatokana na lile. Make hutazama saa za mafaili. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao lake, zao hilo hutengenezwa upya pamoja na yote yanayolitegemea. Mengine huachwa yalivyo. Wakati ule kukompaili kulikula muda mwingi wa kompyuta, kwa hiyo nafuu ilionekana mara moja.

Hata dosari zake zimedumu. Mstari wa amri katika Makefile sharti uanze kwa tabo. Ukiweka nafasi za kawaida, Make inakataa. Wiki chache tu baada ya kuiandika, Feldman alikuwa na watumiaji kama 12, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi kwa kubadilisha kanuni. Tabo ikabaki, na mpaka leo inawasumbua wanaoanza.

Shida kubwa zaidi ilikuja programu zilipokua. Mradi mmoja ukawa na miradi midogo ndani yake, kila mmoja katika folda yake, na kila folda ikapewa Makefile yake. Makefile ya juu haikuwa na kazi ila kuzunguka folda moja baada ya nyingine na kuiita Make upya katika kila moja. Mpango huo ulipendeza machoni na ukaenea karibu kila mahali. Lakini ni kama kujenga nyumba kwa kumpa kila fundi ramani ya chumba chake peke yake: hakuna anayeona bomba linakopita ukutani.

Aliyeuchambua vizuri kuliko wote ni Peter Miller, Mwaustralia, katika makala iliyotoka mwaka 1998 kwenye jarida la AUUG, chama cha watumiaji wa Unix nchini kwake. Mfano wake ni mdogo. Folda ya kwanza, ant, ina faili la main.c. Ya pili, bee, ina parse.c na parse.h, na main.c inaihitaji hiyo parse.h. Kila kitu kinakwenda sawa, hadi siku parse.h inapoanza kuzalishwa na yacc, chombo alichokiandika Johnson yuleyule. Sasa Make inaingia ant kwanza, inaikuta parse.h ya zamani, inaridhika na kuondoka. Kisha inaingia bee na kuzalisha parse.h mpya, ila ant imeshapitwa. Programu inayotoka imechanganya mapya na ya kale, na hakuna onyo lolote. Maradhi ya asubuhi ile ya 1976 yalikuwa yamerudi, safari hii yakiletwa na dawa yake.

Watu walijitibu kwa kupanga upya folda, kuendesha Make mara mbili, au kufuta kila kitu na kuanza mwanzo. Miller alisema Make haina kosa. Inakosea kwa sababu imenyimwa sehemu ya habari. Alipendekeza kila folda ieleze mambo yake, kisha maelezo yote yasomwe pamoja na Make moja. Waliohofia kumbukumbu ndogo ya kompyuta aliwajibu kwamba mashine zilikuwa zimeshakua.

Vyombo vilivyofuata vimemthibitisha. Maven 2, iliyotoka mwaka 2005 kwa ajili ya lugha ya Java, hukusanya kwanza moduli zote za mradi na kuzipanga kwa utegemezi wake kabla ya kujenga hata moja. Bazel, ambayo Google iliitoa kwa umma mwaka 2015, nayo imejengwa juu ya picha moja ya utegemezi wa mradi mzima.

Feldman alipewa tuzo ya mifumo ya programu ya ACM, chama cha wanakompyuta, mwaka 2003 kwa ajili ya Make, na aliistahili. Miller alifariki mwaka 2014. Makala yake si ndefu, inapatikana bure kwenye intaneti, na yeyote anayetaka kuugawa mradi wake katika folda aisome kabla hajaandika Makefile ya pili.