Mwaniko: Neno la Mwanga Unaoingia Kwenye Kamera

Asubuhi moja pale Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza, nilimwomba ruhusa mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa juu ya chanja ufukweni nimpige picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Piga, ila unionyeshe."

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nianze kujifunza kamera. Nikapiga, nikamgeuzia kioo. Dagaa waling'aa kama sarafu mpya, mchanga ulionekana chembe kwa chembe, na pale palipotakiwa kuwa uso wake palikuwa na weusi mtupu. Akaitazama, akainua macho.

"Mbona mimi sipo?"

Kosa lilikuwa la kile ambacho wapiga picha wetu hukiita ekspoja: kiasi cha mwanga kinachoruhusiwa kuifikia filamu, au sensa ya kamera ya kidijitali, katika pigo moja la picha. Kiasi hicho, jua likiwa ni lile lile, huamuliwa na mambo mawili, yaani upana wa tundu la lenzi na muda ambao shata, pazia la kamera linalofunguka na kujifunga, inakaa wazi. Kamera yangu ilikuwa imepangwa ijiamulie yenyewe. Kipimamwanga chake hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa, kwa wastani, ni cha kijivu. Kilipokutana na mchanga mweupe na dagaa wa fedha kilidhani mwanga umezidi, kikaupunguza, na uso mweusi ndio ulioilipa gharama. Mtu yeyote anayepiga picha za harusi zetu, bwana na bibi harusi mbele ya ukuta mweupe, atakutana na jambo hili siku yake ya kwanza kazini.

Kwa Kiswahili ekspoja wengi huiita "mwangaza". Naliona neno hilo linatupotosha. Pale Igombe mwangaza ulikuwa tele, jua limewaka, mtu anakunja uso akitazama ziwa. Kilichopungua ni mwanga ulioingia. Mwangaza ni mali ya mahali, ekspoja ni tendo la mpiga picha. Tena programu nyingi za kuhariri picha zina vitelezi viwili tofauti, kimoja cha mwangaza wa picha na kingine cha ekspoja. Ukiviita vyote mwangaza, mwanafunzi akikuuliza tofauti yake utamjibu nini? Mwingine anaweza kupendekeza "mfichuo", lakini kufichua ni kuondoa kifuniko mara moja na yamekwisha. Hakuna kipimo ndani yake, na ekspoja yote ni kipimo.

Neno ninalolitaka nililisikia kwa yule mama. Nilimuuliza dagaa wanakaa juani kwa muda gani. Akasema inategemea: jua likiwa kali na ukiwatandaza vizuri, unaanika asubuhi unaanua alasiri, kukiwa na mawingu unawaacha hadi kesho. Ukianua mapema wanaoza. Ukiwasahau wanakauka mpaka wanavunjika mkononi.

Kuanika, basi, na kuanua. Kutokana na kuandika tumepata mwandiko. Kutokana na kuanika tupate mwaniko, wingi wake mianiko. Shata inapofunguka tunaanika sensa, inapojifunga tunaanua. Si kila lugha ina kitenzi kimoja cha kuondoa kitu juani kabla hakijaharibika. Sisi tunacho, na kinalala bila kazi kila siku tunapofundisha upigaji picha.

Atakayesema kuanika ni kukausha tu akumbuke kwamba tunaanika siri pia, na siri haikauki. Kiini cha neno ni kukiweka kitu wazi kipatwe na kilicho nje. Na picha ya kamera ya kale kuliko zote zilizosalia ilianikwa kwa maana ile ile ya dagaa. Kati ya mwaka 1826 na 1827, Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce alipaka lami ya asili juu ya bamba, akaliweka ndani ya kamera dirishani kwake Saint-Loup-de-Varennes. Palipopigwa na mwanga lami ikawa ngumu, pasipopigwa ikabaki laini na kuoshwa kwa mafuta. Bamba lilianikwa saa nyingi mno, hata katika picha ile jua linaonekana limeangaza kuta za pande mbili zinazotazamana. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, kwa mwaniko wa dakika kadhaa. Watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawamo. Waliondoka kabla hawajaanikwa vya kutosha. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama anapigwa rangi viatu.

Je, ISO, ile namba ya tatu tunayoipanga kwenye kamera pamoja na tundu na shata, nayo ni mwaniko? Hapa walimu wengi huchanganya. Katika kamera ya kidijitali ISO haiongezi hata tone la mwanga. Hukuza kile kilichokwisha kuanikwa, na pamoja nacho hukuza chenga, zile punje tunazozijua kwenye televisheni yenye antena mbovu. Kitelezi cha ekspoja katika kuhariri kinafanya kazi ya jamii hiyo: kinazidisha kilichopo. Ndiyo maana uso uliofifia ukiinuliwa kwenye kompyuta hutokea, lakini umejaa chenga.

Kwa upande wa pili, mwanga unapozidi, hakuna cha kuokoa. Sensa ni kama ndoo nyingi ndogo, na ndoo ikijaa, mwanga unaoongezeka haurekodiwi. Enzi za mkanda wa filamu wazee wetu walisema picha imeungua, nasi tuendelee kusema hivyo hivyo. Faili ghafi hukupa nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha kuliko jepegi, lakini palipoungua kabisa hakuna kitelezi kitakachokurudishia magamba ya dagaa.

Kwa picha ya kwanza ya yule mama, kamera ilikuwa imechagua tundu la f/8 na muda wa 1/1000 ya sekunde, ISO 100. Nikaipanga kamera mwenyewe, nikaanika kwa 1/250: uso ukatokea wote, dagaa wakaungua, wakawa shuka jeupe. Nikarudi hadi 1/500, mara mbili ya mwanga wa kwanza. Mikunjo ya kitambaa chake ikaonekana, jasho kwenye paji la uso, na dagaa mmoja mmoja wakiwa na mgongo na jicho.

Nikamgeuzia kioo tena. Akakiangalia kwa karibu, akamwita binti yake aliyekuwa akipindua dagaa upande wa pili wa chanja, amwambie kama huyo ni yeye.