Ruksa Kabla ya Mzee Ruksa

Mwaka 1977 hazina ya Tanzania ilikuwa imenona. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Kilimanjaro na Kagera wakaliingizia taifa fedha nyingi za kigeni. Mwanzoni mwa 1978 serikali, kwa ushauri wa Benki ya Dunia, ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Haikupita miezi mingi, akiba ikakauka.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Kahawa ilishaanza kushuka bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia Kagera. Vita vilikula takriban dola milioni 500, na mwaka 1979 mafuta nayo yakapanda.

Kama sharti la mkopo, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilitaka shilingi ishushwe thamani. Rais, Mwalimu Nyerere, akagoma. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Nyerere hakugoma bure, maana aliyaona masharti hayo kuwa ni kuingilia utawala wa nchi. Lakini shilingi iliyoshikiliwa juu kwa nguvu ilimwumiza mkulima yule yule aliyetetewa majukwaani. Mamlaka za mazao zilimlipa kidogo, na akifika dukani na hicho kidogo hakuna sabuni wala sukari. Wengine wakapunguza mashamba, wengine wakavusha mazao mpakani usiku. Fedha za kigeni zikazidi kuadimika, viwanda vikakosa vipuri, foleni zikarefuka.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwasaka wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwepo kweli, na wananchi wengi walishangilia. Ila msako unafichua magunia yaliyofichwa. Hauzalishi gunia jipya.

Bidhaa zilirudi kwa bajeti ya Juni 1984 ya Waziri Cleopa Msuya: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza, bila kuulizwa sana alizipata wapi. Maduka yakaanza kujaa. Gharama ilikuwepo: ruzuku ya sembe ilifutwa, na mwenye mshahara mdogo akaviona vitu asivyoweza kuvinunua.

Mkataba na IMF ulitiwa saini Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na yeye ndiye aliyebaki na jina la Mzee Ruksa. Lakini ruksa ya kwanza ilitolewa Nyerere akiwa bado Ikulu.