Daudi Bado Yuko Hai

Ukitoka Nyeri kwa matatu ukapita Karatina kuelekea Sagana, kuna mahali sweta inaanza kukusumbua. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Sagana ni kama 1,200. Kwenye huo mteremko unavuka mpaka ambao hauna bango wala askari wa kaunti. Uliwekwa kwenye ramani miaka ya sitini na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamkuta mwingine Jinja. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari kuukuu wakaenda hadi Afrika Kusini. Wiki kumi, kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: huu uvimbe mnauona? Jibu lilifuata hali ya hewa. Katika maeneo ya ikweta, ukipita mita 1,500 hivi, ugonjwa ulikuwa karibu kutoweka. Kwa Kenya, watoto wengi walitoka upande wa Ziwa na Pwani. Miteremko ya Mlima Kenya ilikuwa karibu tupu. Baridi ile ya Nyeri tunayoilalamikia kila Julai haimfai mbu wa malaria, na malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa London mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe huohuo, ndiyo huandaa njia.

Sehemu ya Burkitt inasimuliwa sana. Ile ya Nairobi naona imesahaulika, na mimi ndiyo naipenda zaidi.

Katika hospitali tunayoiita leo Kenyatta alikuwepo Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo. Aliwatibu watoto hawa kwa dawa za saratani, na wengine uvimbe ulinywea kwa siku chache tu. Clifford alikuwa akituma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska. Huko seli ziliwasili zikiwa hai. Zilichanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa, kisha zikawekewa kingamwili zilizofungwa rangi inayong'aa. Kama damu ya mgonjwa ilizitambua seli za uvimbe, ukiangalia kwa hadubini uliona pete ya kijani kuzunguka seli. Matokeo yalichapishwa 1966, jina la Clifford likiwa kati ya waandishi. Yaani mapema kabisa katika historia ya kutumia kingamwili zinazong'aa kuchunguza saratani, kulikuwa na watoto wetu.

Mwaka uliofuata, seli za kijana wa miaka 16 ziligoma kufa ndani ya chupa ya maabara. Ukoo huo wa seli unaitwa Daudi. Hadi leo unauzwa Marekani kwa nambari CCL-213, na watafiti wasiojua neno moja la Kiswahili hutamka "Daudi" kila siku wanapojaribu dawa. Orodha ya mauzo inakupa umri, jinsia na ugonjwa. Kwao au shule yake, hakuna. Mimi hilo linaniuma kuliko suala la pesa.

Kufikia hapo kingamwili zilikuwa zinang'aa, lakini kazi ya kuhesabu ilikuwa ya jicho la mtu. Leonard Herzenberg na wenzake wa Stanford wakatengeneza mashine inayopitisha seli moja moja kwenye uzi mwembamba wa maji, mbele ya mwanga wa leza, maelfu kwa sekunde. Ni jamii ya mashine ileile iliyohesabu CD4 za watu wengi hapa Kenya, enzi zile tarakimu moja kwenye karatasi iliamua kama utaanzishiwa dawa za HIV au utaambiwa rudi baadaye. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, kule Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, bila kikomo. Basi ukawa na rangi tofauti kwa kila protini unayoitafuta.

Mojawapo ni BCL-2. David Vaux na wenzake wa Melbourne walionyesha mwaka 1988 kwamba protini hii haiharakishi seli kugawanyika. Inaizuia kufa. Imejificha ndani ya seli, kwa hiyo kingamwili haiwezi kuibandika kwa nje. Lazima seli igandishwe kwa kemikali na utando wake utobolewe kwanza. Na limfoma ya Burkitt? Kwa kawaida BCL-2 yake ni giza, haing'ai. CD20 inawaka, CD10 inawaka, BCL-2 kimya. Seli zake zinazaana kwa fujo na nyingine zinakufa kwa wingi papo hapo, na ukosefu huo wa kinga ya kifo unasaidia kueleza kwa nini wagonjwa wa Clifford walipata nafuu haraka hivyo. Limfoma nyingine zinazofanana nayo kwa umbo huwa na BCL-2 tele, na matibabu yake ni mengine.

Sasa mrudishe mtoto Nyeri. Ramani ya Burkitt haikuwa ukuta. Familia zinahama, watoto hulelewa kwa nyanya kule Mwea kwenye mpunga na mbu, kisha wanaletwa shule mjini. Taya ikivimba, mzazi anafikiria jino, na daktari aliyesomea kwamba huku juu ugonjwa huu haupo anaweza kufikiria hivyohivyo. Uvimbe huu unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Seli za kipimo nazo hazisubiri, zinaanza kufa zikiwa kwenye chupa. Mwaka 1966 zilifika Stockholm zikiwa hai. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi.