Milou, Mbwa Aliyepewa Ulimi

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza mtu mzima na ndevu zake anatafuta nini kwenye vitabu vya katuni, nisikilize kwanza. Mimi nilimaliza kidato cha nne, mtihani ukanipiga chenga, na tangu hapo naandika riwaya kwenye kaunta buku. Shujaa wangu ana rafiki. Washikaji wa kijiweni waliosoma sura tatu za mwanzo wakanichana ukweli: huyo rafiki ni gogo, kazi yake kuitikia tu. Iliniuma, bwana.

Wiki hiyohiyo, kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza bidhaa zake kando ya barabara, nikaokota Kisiwa Cheusi cha Tintin, kwa Kiingereza, jalada limeng'oka. Nilinunua kwa ajili ya Tintin. Aliyeniteka ni yule mbwa wake mweupe.

Waingereza wanamwita Snowy, ila jina alilozaliwa nalo ni Milou. Alitokea siku moja na bwana wake, tarehe 10 Januari 1929, mjini Brussels, Ubelgiji, katika Le Petit Vingtième, kijarida cha watoto kilichotoka pamoja na gazeti la Kikatoliki la Le Vingtième Siècle. Mchoraji wake, Georges Remi, aliyejiita Hergé kwa kugeuza herufi za mwanzo za majina yake, alikuwa na miaka 21. Ishirini na moja, jamani! Milou lilikuwa jina la utani la Marie-Louise, msichana aliyempenda ujanani. Mbwa mwenyewe ni dume, lakini jina la kike likamganda.

Sasa tazama ufundi. Tintin hana kasoro: halewi, hatishiki, hakati tamaa. Mtu kama huyo anachosha kumsoma. Basi udhaifu wote akabebeshwa mbwa. Milou anapenda wiski, anapenda mifupa, anaogopa buibui, ananung'unika safari ikiwa ndefu. Halafu huyohuyo anambwekea sokwe mkubwa wa Kisiwa Cheusi mpaka sokwe anatimua mbio. Katika kisa cha Tibet, kilichotoka kama kitabu mwaka 1960, anapewa karatasi ya kuomba msaada apeleke kwa watawa. Njiani anakutana na mfupa. Unadhani atachagua nini? Anauchukua mfupa, karatasi inapotea, kisha aibu inamshika na anakimbilia kwa watawa mikono mitupu. Hapo ndipo nilipomwamini.

Katika visa vya mwanzo Milou pia anazungumza. Tintin alikuwa peke yake barabarani, akahitaji mtu wa kubadilishana naye maneno. Mwaka 1940 Hergé alipoanza kisa ambacho Kapteni Haddock anaingia, ulevi na matusi vikahamia kwake, na Milou taratibu akapunguziwa maneno. Wengi hawakugundua.

Nilikuwa nimeridhika na somo langu hadi nilipomwonyesha kitabu mpangaji mwenzetu, mzee wa Lubumbashi. Akacheka, akaingia chumbani, akatoka na kitabu cha pili, Tintin huko Kongo, kwa Kifaransa. Kisa hicho kilitoka kati ya mwaka 1930 na 1931, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Mkuu wa gazeti, Padri Norbert Wallez, ndiye aliyetaka shujaa apelekwe huko. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo. Mzee akanisomea taratibu, akiweka kidole kwenye kila kiputo cha maneno.

"Mutoto, angalia," akasema. "Imbwa iko nasema Kifaransa muzuri kupita batu."

Kweli tupu. Wakongo wamechorwa na midomo kama mandazi na wamepewa Kifaransa kilichovunjikavunjika. Mbwa anaongea sanifu. Kuna mahali treni imeanguka, wenyeji wanahimizwa kuiinua, na Milou anawaita wavivu. Mwishoni kijiji kinasujudia sanamu ya Tintin, na ya mbwa pia! Hergé aliuchora upya mwaka 1946, akaondoa somo la kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amelishwa fikra za jamii yake. Alifariki mwaka 1983. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekuwa akisoma Ubelgiji alikwenda mahakamani kutaka kitabu hicho kizuiwe. Mwaka 2012 akashindwa.

Usiku ule nilimlaani Hergé mpaka nikachoka. Kisha nikafungua kaunta buku langu. Nyumbani kwa shujaa wangu kuna mtumishi wa ndani, msichana kutoka bara. Nilikuwa nimempa Kiswahili cha kuchekesha, "r" na "l" zinapigana, na kila akifungua mdomo watu wanacheka. Hata jina sikumpa. Na mama yangu mzazi aliingia Dar akiwa mtumishi wa ndani, akitokea Dodoma, na lafudhi yake anayo hadi leo. Nilimfanyia mama yale Hergé aliyowafanyia Wakongo, tena mimi sina hata kisingizio cha kutofika.

Sura ya pili nimeichana. Rafiki wa shujaa sasa ni mwoga, mlafi, na siku moja atauza siri kwa sahani ya chipsi. Yule msichana ana jina na ugomvi wake mwenyewe, na kila nikimaliza ukurasa namsomea mama kwa sauti. Jana alinikatiza katikati.

"Mwanangu, huyu hawezi kusema hivyo. Mwache kwanza anyamaze, halafu amjibu."

Nimeandika vile alivyosema.