Panya wa darini alikuja kwa jahazi

Ukishasema kwenye chumba cha habari hapa Dar kwamba wewe ni mtu wa Masasi, swali linalofuata ni kama umeshakula panya. Nimeulizwa mpaka nimezoea. Najibu ndiyo, tena wa kukaushwa, mwenzangu anakunja uso, kila mtu anarudi kwenye kompyuta yake. Sisi wenyewe kule tunamwita samaki nchanga. Jina lina utani ndani yake: bahari iko mbali, basi kitoweo kinachimbwa ardhini.

Utani sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba anayeuliza anachanganya panya wawili ambao hata hawajuani. Nyumba ya bibi mzaa mama pale Chiwata, chini ya uwanda wa Makonde, imepigana na panya tangu kabla sijazaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumla panya aliyetoka darini. Mwambie bibi jambo hilo uone atakavyokutazama! Panya wa kuliwa anachimbwa shambani baada ya mavuno, chakula chake ni mbegu na nafaka. Yule wa darini anakula sabuni, mishumaa, pembe za madaftari, na usiku anakuja kwenye nyayo za watoto, anauma huku anapuliza.

Tuanze na huyu wa shambani, maana ndiye mwenyeji. Wataalamu wanamwita Mastomys natalensis. Ni Mwafrika kwa asili, yuko karibu kote kusini mwa Sahara. Jike lake linaweza kuwa na chuchu hadi 24, linabeba mimba kwa siku kama 23 hivi, na kuzaa watoto kumi kwa mkupuo mmoja kwake si ajabu. Fanya hesabu mwenyewe kwa msimu mmoja wa mvua nzuri.

Wa darini ni Rattus rattus, na huyo ni mgeni. Kwao ni huko India. Waakiolojia wamechimba Unguja Ukuu, mji wa biashara wa kusini mwa Unguja uliokuwa hai zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakakuta mifupa yake kwenye mabaki ya vyakula na vyungu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima mifupa ya kale ya wanyama kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kwa kutumia protini na vinasaba. Ushahidi wa kuaminika wa panya huyu pamoja na kuku unaanzia karne za mwisho kabla ya mwaka 1000, kipindi kile ambacho majahazi ya Bahari ya Hindi yalikuwa yanapishana pwani yetu. Kwa maneno mengine kuku na panya wa darini walishuka bandari zilezile. Mmoja tulimfuga, mwingine akajifuga mwenyewe.

Kutoka pwani alifikaje Chiwata? Hakuna aliyeandika, na nani angeandika? Ila huyu mnyama hapendi kutembea safari ndefu porini. Anabebwa. Masasi ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Lindi na Mikindani, ikiwa na pembe za ndovu, mpira wa mwituni na watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, huyo huyo aliyetafsiri vitabu vya Biblia kwa Kiswahili, alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, akaanzisha nao makazi. Baadaye Chiwata nayo ikapata kituo cha misheni hiyo. Kila msafara ulikuja na magunia, masanduku na mizigo ya nguo. Kwa maoni yangu panya wa darini aliingia kwetu humo humo, na huenda aliingia mara nyingi, si mara moja.

Sasa hapa ndipo historia ya nyumba yenyewe inaponivutia kuliko ya panya. Nilimwuliza bibi, utotoni mwake walikuwa wanafukuzaje panya? Akacheka. Kwamba hawakuwa wanamfukuza, walikuwa wanamnyima nafasi. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, halina dari. Moto ulikuwa ndani. Mahindi yenye maganda yanafungwa mafungu yananing'inizwa juu ya moshi au yanapangwa kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi unayakausha, wadudu hawasogei, na panya anayetaka kupanda lazima apite mbele ya watu wanaoota moto. Mbegu ya mwakani inawekwa kwenye kibuyu, mdomo unazibwa kwa udongo. Nafaka iliyobaki iko kwenye kihenge nje, kimeinuliwa juu ya miguu. Na watoto wa kiume walikuwa na mitego, kazi yao hiyo kila jioni.

Sidhani kama bibi anapamba. Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika pande hizo mwaka 1906, akapita Masasi, akakaa Newala na Mahuta, akikusanya vitu vya nyumbani na kuandika namna watu wanavyoishi. Mitego imo kwenye kitabu chake. Kumbuka ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Maji Maji ianze, kusini kuna njaa, mashamba yamechomwa. Kwa wakati kama huo panya wa shambani alikuwa mwizi wa chakula na chakula chenyewe, vyote kwa pamoja. Anayecheka leo akiwa amekaa mbele ya sahani ya chipsi kuku angekuwepo kipindi kile tungemwona.

Halafu nyumba ikabadilika. Kusini tulihamishiwa vijijini mapema kuliko mikoa mingi, kwa sababu ya vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika mashambani zikasogezwa barabarani, ukuta kwa ukuta. Hela za korosho zilipokuwepo watu wakajenga kwa tofali na kuezeka bati. Nyumba ya bibi nayo ikapata bati, tena baadaye wajomba wakapiga silingi bodi sebuleni na vyumbani ili joto lipungue. Jiko likatolewa likawa banda la nje, kwa kuwa moshi unachafua ukuta na unaumiza macho, jambo ambalo ni kweli. Kihenge kikaonekana cha kishamba, na isitoshe wezi. Mahindi yakaingizwa chumbani kwenye magunia.

Yaani tulitoa moto nje, tukaingiza mahindi ndani, halafu tukamjengea panya ghorofa yake juu ya vichwa vyetu! Giza, pakavu, paka hafiki, chakula kiko hatua tano chini. Kama ungeambiwa umchoree Rattus rattus nyumba, ungechora hiyo hiyo.

Ndipo ikaja sumu. Unawajua wale vijana wanaopita na kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto... Mjini tunawaita wamachinga, jina lililotokana na Wamachinga, watu wa Lindi, kwa hiyo hata hapo kusini ipo. Pakiti ndogo, mara nyingi haina hata maandishi ya kueleza kilichomo. Kwa ujumla sumu za panya zilizozoeleka ni za aina mbili. Kuna fosfidi ya zinki, unga wa kijivu unaokutana na asidi ya tumboni na kutoa gesi inayoua kwa saa chache. Na kuna zile zinazozuia damu kuganda, ambazo mwanzo wake ni Marekani: ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutoka damu baada ya kula majani yaliyooza, maprofesa wa Wisconsin wakatafuta chanzo, na mwaka 1948 ikaingia sokoni wafarini kama sumu ya panya. Miaka michache baadaye madaktari wakaanza kuwapa watu dawa hiyo hiyo, kwa vipimo, kuzuia damu isigande kwenye mishipa. Panya aliyekula aina hii hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa, sumu iko kwenye ini lake, anazidi kuwa mzito na mlegevu.

Sasa nchi nyingine hilo ni tatizo la paka na bundi. Masasi ni tatizo la sufuria. Panya anayetembea taratibu nyuma ya nyumba ndiye mtoto wa miaka minane anayemkamata kirahisi zaidi, anamchoma, anakula na wenzake. Wakubwa wanajua kutofautisha panya wa shambani na wa nyumbani. Watoto wanajua pia, mchana. Lakini chambo chenye sumu kinachowekwa kwenye nyumba iliyo mita kumi kutoka shambani kinaliwa na wote wawili, maana panya wa shambani naye huingia ndani mahindi yakishavunwa. Sijawahi kuona maelezo ya matumizi ya sumu yanayomfikiria mtu anayekula panya. Aliyeyaandika hakuwa na habari kwamba tupo.

Na wataalamu wetu wenyewe wamekuwa wakisema sumu peke yake haitoshi. Tanzania ina historia ndefu ya jambo hili. Mlipuko wa panya ulioandikwa mapema kabisa ni wa Rombo mwaka 1912, enzi za Wajerumani. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kimechunguza panya kwa miongo, na makadirio ya watafiti wake ni kwamba panya wanakula kama asilimia 15 ya mahindi ya nchi kwa mwaka. Milipuko ya Lindi nayo ilichunguzwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walichogundua Morogoro ni kwamba mvua za Novemba na Desemba zikiwa nyingi, panya wanazaa mapema na msimu unaofuata wanajaa. Kwa hiyo hatari inaweza kuonekana miezi kabla. Sisi tunanunua sumu siku tunayoona mahindi yamefukuliwa, wakati ambao karamu imeshakwisha. Tena ukiua wa kwako bila jirani kuua wa kwake, wiki mbili baadaye nafasi imejazwa. Hata bundi, ambaye kwetu anaonewa bure kwa kuitwa ndege wa wachawi, alijaribiwa: huko Morogoro walivutia ndege wawindaji mashambani kwa kuwawekea vituo vya kutua, na utafiti uliotoka mwaka 2006 ukaonyesha panya hawakupungua kiasi cha kuleta tofauti. Nasikitika, maana nilitamani bundi ashinde.

Kuna jambo nililiona wakati nasoma. Panya wa Lushoto ana maandishi mengi kuliko wetu, kwa sababu alileta tauni. Kuanzia mwaka 1980 tauni ilirudi na kurudi kule kwa zaidi ya miaka 20, wagonjwa zaidi ya 6,000, mamia wakafa. Uwanda wa Makonde nao uliandikwa sana mwaka 1952 na 1953, ilipozuka homa ya kukunja viungo na watafiti wakaja Newala, wakaishia kwenye mitungi ya maji ya ndani na mbu wake, na dunia ikapata neno chikungunya kutoka Kimakonde. Panya wa Chiwata hakumkunja mtu wala hakuleta tauni. Alikula mahindi tu. Njaa ya nyumba moja moja haiitiwi daktari wa serikali, ndiyo maana historia yake iko kichwani kwa bibi na si kwenye faili.

Wa tatu nimtaje kwa haraka: panya buku. Shirika la APOPO, lenye makazi yake pale pale Sokoine tangu mwaka 2000, linamfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu. Ni ng'ambo tu ya Ruvuma, kwa Wamakonde wenzetu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya Kambodia, akafa Januari 2022. Wale wale wanaokunja uso nikisema samaki nchanga walimwandikia rambirambi.

Tukirudi nyumbani kwa bibi, mwaka huu kulikuwa na kikao. Mjomba, ambaye kwa mila zetu neno lake ni zito, alitaka sumu, ya chambo, iwekwe dari nzima. Bibi akakataa. "Wajukuu wangu wanachimba panya hapo nyuma, wewe utakaa mlangoni kuwahesabu?" Mjomba akasema basi silingi bodi ing'olewe. Hapo wenye silingi bodi yao, yaani waliochangia hela, wakakataa. Mwisho tukachanga tukanunua mapipa mawili ya bati yenye mifuniko, mahindi yakamwagwa humo, matundu ya juu ya ukuta yakazibwa kwa waya na saruji, na mitego ya mbao mitatu ikapandishwa darini.

Wiki iliyofuata bibi alipiga simu. Mahindi salama, mitego imekamata sita. Ila waliobaki wamegundua njugu mawe za mbegu zilizokuwa kwenye kikapu chini ya kitanda chake, na anauliza kama pipa la tatu, dogo, linapatikana Dar kwa bei nafuu kuliko Masasi mjini.