Anwani ya IP: kompyuta hutambuanaje mtandaoni?

Kila kifaa kilichounganishwa na intaneti, iwe kompyuta, simu au printa, hutumia nambari ya utambulisho iitwayo anwani ya IP. Bila nambari hiyo, ujumbe haujui uendako wala jibu halijui lirudi wapi.

Katika toleo la 4, lililozoeleka zaidi, anwani huwa na mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255: kwa mfano, 192.168.1.10. Katika mtandao wa nyumbani, kwa kawaida mafungu matatu ya mwanzo hutambulisha mtandao, na la mwisho kifaa chenyewe. Vifaa viwili vikipewa nambari moja, mawasiliano huvurugika. Ndiyo maana kazi ya kuzigawa huachiwa ruta.

Toleo hilo lina anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, pungufu ya idadi ya watu duniani. Mwezi Februari mwaka 2011, hazina kuu iligawa akiba yake ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda, likiwemo AFRINIC la Afrika, lenye makao yake Mauritius. Toleo la 6 lilibuniwa kuondoa uhaba huo, lakini matoleo yote mawili yangali yanatumika.

Uhaba umepunguzwa makali kwa anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 10 au 192.168. Nyumba moja Mombasa na nyingine Muscat zaweza kutumia 192.168.1.10 bila kugongana, kama vile kila hoteli ilivyo na chumba namba 3. Huko nje, ruta huwakilisha nyumba nzima kwa anwani moja ya umma.

Hapa ndipo penye hatari kwa wanaoandika mambo yasiyowapendeza wakubwa. Tovuti huiona anwani hiyo ya umma, nayo hudokeza kampuni ya mawasiliano na eneo kwa makadirio. Jina haimo, lakini kampuni yaweza kuwa na kumbukumbu za nani aliitumia na saa ngapi. Anayedhani amejificha kwa kutotia sahihi anajidanganya.

Hata hivyo, mpelelezi anayemkamata mwenye duka la intaneti kwa ushahidi wa anwani pekee naye anakosea. Katika mitandao ya simu, anwani moja yaweza kuchangiwa na mamia ya wateja kwa wakati mmoja, na kuwatenganisha huhitaji saa kamili pamoja na nambari ya mlango uliotumika.