Lebo ya Kweli, Swali Lisilo Sahihi: Mafuta ya Kula, Vipokezi vya Ini na Afya ya Moyo Mkoani Songwe

"Haina kolesteroli." Maneno haya yamechapwa kwenye chupa na madumu ya mafuta ya kula yanayouzwa kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kuanzia Ihanda hadi mpakani Tunduma. Ni maneno ya kweli, lakini hayamsaidii mnunuzi kuchagua. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya pamba au ya mawese, hayana lehemu (kolesteroli) ya kutajika, kwa sababu lehemu ya chakula hutokana na wanyama. Makala hii inadai kwamba swali linalojibiwa na lebo hiyo si sahihi. Kiasi cha LDL, yaani chembe zinazobeba lehemu katika damu, hutegemea sana wingi wa vipokezi vyake kwenye ini, na vipokezi hivyo huathiriwa na aina ya mafuta tunayokula zaidi ya lehemu iliyomo ndani yake.

Kuhusu utendaji wa vipokezi, wataalamu hawabishani. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, walianza mwaka 1972 kuchunguza seli za ngozi za wagonjwa waliorithi lehemu nyingi, wakabaini kuwa zilishindwa kuinasa LDL. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kipokezi hukaa kwenye utando wa seli na kuishika chembe ya LDL kwa protini yake, apoB-100. Utando hubonyea na kuwa kifuko kinachozama ndani ya seli. Humo asidi huongezeka, kipokezi huiachia chembe na kurudi juu, mzunguko unaochukua takriban dakika 10, huku chembe ikipelekwa kuvunjwa. Seli iliyoshiba lehemu hupunguza utengenezaji wa vipokezi. Protini iitwayo PCSK9 nayo huvisababisha viharibiwe badala ya kurudi kazini. Mtoto aliyerithi kasoro ya kipokezi kutoka kwa wazazi wote wawili anaweza kupatwa na shtuko la moyo kabla ya kufikia utu uzima, hata akila kwa uangalifu.

Ubishi huanzia mezani. Wapo wanaosisitiza kwamba mafuta ni mafuta, na kwamba tatizo pekee ni wingi wake. Hawa wanapuuza ushahidi. Mwaka 1997 Mustad na wenzake waliripoti kuwa watu wazima wenye afya waliopunguza mafuta yaliyoshiba (saturated fat) waliongezeka vipokezi vya LDL kwenye seli za damu kwa asilimia 10.5, na LDL yao ikashuka kwa asilimia 11.8.

Ushahidi mzito zaidi kwa watunga sera unatoka Mauritius. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa hicho ilibadilisha mafuta ya mgao, ambayo awali yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Uusitalo na wenzake walilinganisha vipimo vya mwaka huo na vya 1992: wastani wa lehemu yote katika damu ulishuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Hakuna aliyeandikiwa dawa ili wastani huo ushuke, wala familia hazikuhitaji kujifunza mapishi mapya; kilichobadilika jikoni ni yaliyomo ndani ya chupa. Ni kweli kwamba kampeni nyingine za afya ziliendeshwa wakati huohuo, na watafiti wenyewe walikadiria kuwa mabadiliko ya mafuta yanaeleza karibu nusu ya mshuko huo. Lakini nusu ya mshuko wa taifa zima, kwa uamuzi mmoja wa serikali, ni mavuno makubwa.

Wapinzani hukimbilia kwa Wamasai, wanaokunywa maziwa na kula nyama bila lehemu yao kupanda. Hoja hii imetumiwa vibaya. Biss na wenzake walieleza mwaka 1971 kwamba miili ya Wamasai waliowachunguza hupunguza sana utengenezaji wake wa lehemu pale chakula kinapoileta. Aidha, George Mann na wenzake, walipochunguza maiti za wanaume 50 wa Kimasai mwaka 1972, waliukuta ugonjwa wa mishipa. Kilichokuwa tofauti ni upana wa mishipa yenyewe. Mfugaji anayetembea mchana kutwa hawezi kuwa kipimo cha dereva wa lori anayekaa foleni Tunduma akila chipsi mayai.

Ihanda yenyewe inatoa kipimo rahisi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, mafuta ya mawese huganda kwenye dumu hata muuzaji akalazimika kuyapasha moto kabla ya kupima, ilhali ya alizeti hubaki yakimiminika. Kuganda huko ni alama ya mafuta yaliyoshiba: karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo, huku ya alizeti yakiwa takriban asilimia 11. Chupa zote mbili zinaweza kuandikwa "haina kolesteroli" bila kusema uongo.

Kwa hiyo Shirika la Viwango Tanzania lisiruhusu maneno hayo kusimama peke yake. Upande wa mbele wa kila chupa na dumu utaje kiasi cha mafuta yaliyoshiba kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, na ruzuku ielekezwe kwa mkulima wa alizeti, ili mafuta yanayolinda vipokezi vya ini yawe pia mafuta ambayo mama ntilie anaweza kuyanunua.